Nanosekunde 60: kukisia sababu pale maarifa yanapojipinga

Tarehe 23 Septemba 2011, wanafizikia wa mradi wa OPERA walisimama mbele ya wenzao huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, wakatangaza matokeo yaliyokuwa yamewahangaisha kwa miezi kadhaa. Nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya mwamba karibu bila kuzuiwa, zilizorushwa kutoka CERN hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, umbali wa takriban kilomita 730 ndani ya mwamba, zilikuwa zinafika mapema kuliko ambavyo mwanga ungefika kama ungeweza kupita njia hiyo. Zilitangulia kwa nanosekunde 60, yaani sehemu 60 za bilioni za sekunde. Safari nzima huchukua kama milisekunde 2.4, kwa hiyo ziada ya kasi ilikuwa sehemu mbili na nusu kwa laki moja. Ni kidogo sana. Lakini makosa yaliyokadiriwa, ya kitakwimu na ya vifaa, yalikuwa chini ya nanosekunde 10 kila moja, na matukio yaliyohesabiwa yalizidi 15,000. Kwa viwango vya fani hiyo, tofauti ya sigma sita, yaani mara sita ya kosa lililokadiriwa, haisingiziwi bahati.

Kundi halikudai kwamba fizikia imeanguka. Lilisema, kwa ufupi: tumekagua tunachoweza kukagua, kosa hatulioni, tazameni nanyi. Ni rahisi kuuita msimamo huo woga, maana aliyeusikia alitaka kujua wako upande gani. Mimi nauona kuwa ndio msimamo pekee uliofaa kimantiki siku ile, ila mantiki inayouruhusu si ile ya kozi ya kwanza chuoni. Watu wenye akili timamu wameshika kauli mbili zinazopingana, wanajua kwamba zinapingana, na bado wanakisia sababu na kuulizana maswali yenye kichwa na miguu kwa miezi mitano. Nataka kuonyesha walichokuwa wanafanya, na mahali pekee ambapo mambo yangeweza kuharibika.

Kauli zilizokuwa mezani

Nitazipunguza hadi nne, nikijua kwamba kila moja ni fungu la kauli nyingine nyingi.

K: hakuna nyutrino inayouzidi mwanga kwa kasi. M: vipimo vya OPERA vinaonyesha nyutrino zikitangulia kwa nanosekunde 60. S: mnyororo wa upimaji ni mzima, kuanzia umbali hadi saa. Ya nne ni ya masharti: ikiwa S na M ni kweli, basi K si kweli.

K haikushikwa kwa heshima ya Einstein tu. Mwaka 1987 supanova SN 1987A, yaani mlipuko wa nyota, iliyo umbali wa miaka ya mwanga kama 168,000, ilileta nyutrino zilizonaswa duniani saa kama tatu kabla ya mwanga wake kuonekana, na saa hizo tatu zina maelezo: mwanga huchelewa kutoka ndani ya nyota inayolipuka, nyutrino hazicheleweshwi. Kama nyutrino zile zingekuwa na ziada ya kasi iliyopimwa na OPERA, zingetutangulizia habari kwa miaka kama minne. Mtetezi wa matokeo angeweza kujibu kwamba nyutrino za supanova zilikuwa na nishati ndogo kwa zaidi ya mara elfu, na angekuwa amesema kweli. Lakini siku chache baada ya tangazo, Andrew Cohen na Sheldon Glashow walikokotoa kwamba nyutrino inayouzidi mwanga ingemwaga nishati yake njiani kwa kutoa jozi za elektroni na positroni, kiasi kwamba zile zenye nishati kubwa zisingefika Gran Sasso zikiwa jinsi zilivyoonekana.

S nayo haikuwa ya kubahatisha. Umbali ulipimwa kwa usahihi wa sentimita 20, na nanosekunde 60 ni mita 18 za mwendo wa mwanga; ili umbali ubebe lawama, kosa lake lingepaswa kuwa mara 90 ya lile lililokadiriwa. Saa za pande zote mbili zilioanishwa kwa GPS, na taasisi za vipimo za Uswisi na Ujerumani zilishiriki kuhakiki kuoanisha huko.

Basi K imo kwenye hifadhi ya maarifa, yaani mkusanyiko wa kauli zilizokubaliwa. S imo, M imo, kauli ya masharti imo, na kutokana na hizo tatu inapatikana si-K, yaani kwamba K si kweli. Hifadhi inajipinga, na hakuna aliyezembea.

Mantiki ya kawaida inakwama wapi

Katika mantiki ya kawaida, hifadhi yenye K pamoja na si-K inatoa kila kauli unayoitaka; wanamantiki husema inalipuka. Njia ni fupi: kutokana na K unapata "K au mwezi ni wa chuma", kwa kuwa "au" hutosheka na upande mmoja. Kisha si-K inaukata upande wa kwanza, na unabaki na mwezi wa chuma. Hoja hii huhusishwa zaidi na C. I. Lewis wa karne ya 20, ingawa wanamantiki wa karne ya 12 walikuwa wanaijua.

Kwa kawaida hadithi huishia hapo: msomaji anacheka kuhusu mwezi na kusema hakuna mwanafizikia ambaye angehitimisha hivyo. Kweli kabisa, na ndiyo maana mfano wa mwezi haugusi tatizo lenyewe. Hasara iko kwenye kukisia sababu, yaani abdaksheni kwa jina alilolipa umaarufu Charles Sanders Peirce: jambo la kushangaza limeonekana, kama A ingekuwa kweli, jambo hilo lingekuwa la kawaida tu, hivyo kuna sababu ya kuishuku A. Wanamantiki wa baadaye waliibana hoja hiyo kwa masharti matatu. Jambo linalotafutiwa maelezo lisiwe linapatikana tayari kutokana na hifadhi. Kisio likiongezwa, lipatikane. Na kisio lisiipinge hifadhi.

Sasa yaweke masharti hayo juu ya hifadhi ya OPERA. La kwanza linaanguka, kwa sababu hifadhi iliyolipuka inatoa kila kauli, kwa hiyo hakuna cha kueleza. La pili linapita kwa kila kisio, liwe la kebo, la umbali au la mwezi wa chuma. La tatu linakataa kila kisio, kwa kuwa ukiongeza lolote hifadhi bado inajipinga. Kwa maneno mengine, mtu anayetumia mantiki hiyo kwa uaminifu angepewa jibu kwamba hakuna tatizo, kwamba kila maelezo yanafaa, na kwamba hakuna maelezo yanayokubalika, vyote kwa pamoja. Hiyo ndiyo hasara halisi: chombo cha kukisia kinazimika wakati kinapohitajika zaidi, maana mara nyingi ni ukinzani ndio unaotufanya tuanze kukisia.

Kukarabati kwanza, au kuishi nao

Wapo wanaosema: ondoa ukinzani kwanza, kisha ufikiri. Nicholas Rescher na Ruth Manor walipendekeza mwaka 1970 kwamba uichambue hifadhi katika mafungu makubwa kadiri inavyowezekana yasiyojipinga, kisha uamini kile kinachopatikana katika mafungu yote. Upande wa hifadhidata, Marcelo Arenas, Leopoldo Bertossi na Jan Chomicki walifanya jambo la jamii hiyohiyo mwaka 1999: hifadhidata inayokiuka masharti yake ina ukarabati mwingi unaowezekana, na jibu la kuaminika ni lile linalobaki katika kila ukarabati.

Kwenye hifadhidata njia hii ni nzuri. Kwenye kisa chetu inatoa kidogo mno. Kauli zetu nne zina mafungu makubwa manne yasiyojipinga, kila fungu likiacha kauli moja nje. Kwa hiyo hakuna hata moja inayobaki katika yote. Ukiuliza kama K ni kweli, jibu ni "haijulikani". Kuhusu S, vilevile. Hata M, iliyoandikwa kwenye rekodi za mtambo kwa namba, inapotea, kwa sababu kuna fungu linaloitupa. Unaweza kuzipa kauli vipaumbele ili M isiguswe, na watu hufanya hivyo, lakini umeshaanza kuamua kwa mkono kile ulichotaka mantiki ikusaidie kuamua.

Njia ya pili ni kubadilisha mantiki ili ukinzani usilipuke. Stanisław Jaśkowski alijaribu mwaka 1948, Newton da Costa wa Brazili akajenga mfululizo wa mifumo mwaka 1963, na Nuel Belnap mwaka 1977 akaeleza jinsi kompyuta inavyoweza kufikiri kwa thamani nne: imeambiwa ndiyo, imeambiwa hapana, imeambiwa yote mawili, haijaambiwa chochote. Ninaupenda mtazamo wa Belnap kwa sababu unazungumzia kile *kilichoripotiwa*, na hali ya OPERA ilikuwa hiyohiyo kuhusu K: imeambiwa yote mawili. Lakini kwa kisa hiki nahitaji kitu kimoja zaidi, ambacho kimo katika mifumo ya kundi la Walter Carnielli, Marcelo Coniglio na João Marcos, na hasa ule mdogo kuliko yote uitwao mbC.

mbC inabaki na mantiki ya kawaida yote isiyohusu ukanushi. Inabaki pia na kanuni kwamba kila kauli, au ukanushi wake, ni kweli. Inachoacha ni mlipuko wa bure. Badala yake inaongeza alama, ∘, na kuiweka mbele ya kauli kusema kwamba kauli hiyo ni thabiti, yaani haiwezi kuwa kweli pamoja na ukanushi wake. Mlipuko unakuja tu pale unapokuwa na vitu vitatu: K, si-K, na ∘K. Viwili vya kwanza peke yake vinakaa pamoja bila kuharibu jirani.

Gharama yake si ndogo, na ndipo mambo yanaponoga. Kanuni ya "kama A basi B; A; hivyo B" inabaki. Lakini "kama A basi B; si-B; hivyo si-A" haifanyi kazi mpaka uwe na ∘B. Na "A au B, si-A, hivyo B" haifanyi kazi mpaka uwe na ∘A. Kuondoa uwezekano mmoja mmoja hadi ubaki na mmoja, kazi inayofanyika kila siku kwenye maabara na karakana, kunahitaji kibali katika kila hatua.

Alama na bei yake

Tuirudishe hifadhi ya Septemba 2011 kwenye mbC bila alama yoyote. Ina K, ina S, ina M, inatoa si-K, na haitoi mwezi wa chuma. Hivyo ndivyo kundi lilivyokuwa likiongea.

Kisha jaribu kuongeza alama. Mwanafizikia wa nje anasema: K haijadiliki. Kimantiki ameongeza ∘K. Hifadhi inalipuka papo hapo, kwa sababu S, M na kauli ya masharti bado zinatoa si-K. Hana budi kuondoa kitu. Akiishusha S kutoka kauli iliyokubaliwa hadi kuwa jambo la kuulizwa, basi kutokana na K, ∘K, M na kauli ya masharti anapata si-S: mahali fulani kwenye mnyororo pana kosa. Hoja yake ni safi. Lakini angalia alichopata: hajaelezwa kosa liko wapi, wala hajaeleza kwa nini ni nanosekunde 60 na si 600. Ukanushi wa S ni hitimisho, haujawa maelezo.

Mtetezi wa upimaji akiamua kwamba S haijadiliki, analipa kwa namna nyingine. ∘S peke yake haiangushi K, kwa sababu ukinzani ulioko mezani ni wa K na si-K, na K haina alama. Anaweza kuishi na ∘S, S, K na si-K kwa pamoja. Hii ni tofauti ambayo mantiki ya kawaida isingeionyesha kamwe: kudai uthabiti wa nadharia kunakulazimisha kukana vifaa, ilhali kudai uthabiti wa vifaa kunakuacha tu na nadharia yenye shaka. Nadhani hii inaeleza vizuri kwa nini wanafizikia wa nje walikuwa na haraka kuliko wale wa ndani, bila kuhitaji kumshutumu yeyote kwa kiburi.

Katika mbC, basi, makisio huwa ya aina mbili. Kuna makisio ya kawaida, kama "kebo inachelewesha ishara". Na kuna makisio ya uthabiti, kama ∘K, ambayo ukiyaongeza yanafungua hoja zilizokuwa zimefungwa. Sharti la kisio kutoipinga hifadhi linabadilika kuwa jepesi na lenye maana: kisio lisiilipue.

Kuuliza kwa mpangilio

Swali kubwa, "mbona zimetangulia?", halijibiki moja kwa moja. Andrzej Wiśniewski wa Poznań, Poland, katika kazi zake za mantiki ya maswali tangu miaka ya 1990, alieleza ni lini swali moja linazaa jingine kihalali. Swali dogo linafaa ikiwa, pale swali kubwa lenye jibu la kweli linapokutana na hifadhi ya kweli, dogo nalo lina jibu la kweli. Na ikiwa kila jibu la swali dogo, bila kujali ni lipi, linapunguza majibu yanayobaki ya swali kubwa. Sharti hilo la pili linabana kweli. Linakataa maswali ambayo jibu la "ndiyo" linasaidia na la "hapana" linakuacha palepale. Huko Poznań wapo waliounganisha mbinu hiyo na mbC, ili utafutaji wa makisio uendeshwe kwa maswali hata hifadhi ikijipinga.

OPERA waliuliza swali la namna hiyo Oktoba na Novemba 2011. Katika vipimo vya awali, protoni zilizozalisha nyutrino zilitolewa kwa mapigo ya mikrosekunde 10.5. Hakuna anayeweza kusema nyutrino fulani ilitoka sehemu ipi ya pigo refu kiasi hicho, kwa hiyo muda ulipatikana kwa kulinganisha umbo la pigo lote na umbo la matukio yote. Je, ziada inatokana na ulinganishaji huo? CERN ikatoa mapigo ya nanosekunde 3, yaliyoachana kwa nanosekunde 524. Sasa kila nyutrino ilikuwa na asili inayojulikana. Matukio 20 tu yakatosha: nanosekunde 62.1, na kosa la 3.7.

Watu wengi walilisoma jibu hilo kama ushindi wa matokeo. Kwa mtazamo wa swali, lilikuwa na thamani sawa upande wowote. Kama ziada ingetoweka, kisa kingeisha. Ilipobaki, njia ya takwimu ilifutwa kwenye orodha, na kuifuta huko kulistahili alama: ulinganishaji wa maumbo haukuwepo tena kwenye kipimo, kwa hiyo haukuweza kuwa na lawama na kutokuwa nayo kwa wakati mmoja.

Orodha iliyobaki inaweza kuandikwa hivi: kosa liko kwenye umbali, au kwenye kuoanisha saa kwa GPS, au kwenye njia ya ishara ndani ya Gran Sasso, au hakuna kosa na nyutrino ni za kasi hiyo kweli. Mtu anayependa kuondoa uwezekano mmoja mmoja angeendelea: umbali umehakikiwa, GPS imehakikiwa, njia ya ishara ilishapimwa, basi imebaki ya mwisho. Kila hatua hapo ni "A au B, si-A, hivyo B", na katika mbC kila hatua inadai alama yake. Je, "njia ya ishara haina kosa" ilistahili alama?

Hapa nitakaa kidogo. Ishara ya GPS ilipokelewa kwenye maabara ya juu na kushushwa hadi chini ya mwamba, wenye unene wa mita 1,400, kwa kebo ya faiba yenye urefu wa kilomita 8.3. Ucheleweshaji wa kebo hiyo, takriban mikrosekunde 41, ulipimwa miaka kadhaa kabla ya tangazo na kuondolewa kwenye hesabu kama namba moja isiyobadilika. Kauli "njia ya ishara ni sawa" ilitokana na kipimo hicho cha zamani. Ilikuwa kauli halali. Alama ya uthabiti ndiyo ambayo haikuwa na msingi, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza kama ucheleweshaji umebaki uleule. Ukiwa na kauli bila alama, kipimo kipya kinaweza kuingia na kusema kinyume, na hifadhi ikaendelea kufanya kazi. Ukiwa umeipa alama, kipimo kipya kinakulazimisha kuvunja hifadhi, au, jambo linalotokea mara nyingi zaidi, hakifanyiki kabisa kwa kuwa swali lilishafungwa.

Kati ya Desemba 2011 na Februari 2012 njia hiyo ilikaguliwa upya. Kiungio cha faiba kinachoingiza ishara kwenye saa kuu ya OPERA hakikuwa kimekazwa sawasawa. Mwanga kidogo ulifika kwenye kipokezi, kipokezi kikachukua muda zaidi kufikia kiwango cha kutambua pigo, na saa kuu ikapata ishara ikiwa imechelewa kwa takriban nanosekunde 73. Saa iliyo nyuma inaandika kila tukio kama lililotokea mapema. Nyutrino zilikuwa zinafika kwa wakati wake. Saa ndiyo iliyokuwa nyuma.

Makosa mawili na tamaa ya kosa moja

Nanosekunde 73 si 60. Osileta ya saa kuu, yaani kifaa kinachotoa mapigo yake, ilikuwa inakwenda kasi kidogo kuliko inavyopaswa, na athari yake ilikuwa kinyume: iliwafanya wapimaji waone nyutrino zikichelewa kwa takriban nanosekunde 15. Toa 15 kwenye 73, unapata 58.

Raymond Reiter, mwaka 1987, aliufafanua utambuzi wa hitilafu kuwa ni kutafuta seti ndogo ya sehemu mbovu ambayo ikikubaliwa ukinzani kati ya mfumo na kilichoonekana unatoweka, na ndogo hapa maana yake huwezi kupunguza hata sehemu moja. Ni kanuni nzuri, na karibu kila mfumo wa kukisia sababu una toleo lake. Lakini tazama ingefanya nini hapa. Kiungio peke yake kinaacha nanosekunde kama 13 bila maelezo, na ukizingatia makosa ya vipimo vyenyewe, 13 si pengo la kumkosesha mtu usingizi. Kwa kauli za ndiyo na hapana, seti yenye kiungio peke yake inatosha, na osileta inatupwa kama ziada. Seti ya kweli ilikuwa ya vitu viwili.

Haimaanishi kanuni ya udogo itupwe. Ila inategemea kabisa namna M ilivyoandikwa. Ukiandika "zinaonekana kutangulia", kiungio kinatosha. Ukiandika namba na kosa lake, kinatosha kwa shida. Tamko la CERN la Februari 2012 lilitaja athari zote mbili na kusema moja ingekuza ziada iliyopimwa na nyingine ingeipunguza. Kwa hiyo hata baada ya kupata visababishi viwili, jumla yake ilikuwa bado swali, na mfumo wenye thamani za kweli na si-kweli pekee usingeweza hata kuliuliza. Kwangu huu ndio upungufu mkubwa wa kutumia mbC kama ilivyo kwenye kisa cha namna hii: inakuruhusu kuishi na ukinzani, lakini haikupi mizani. Kuna watu wanaoiunganisha na uwezekano wa kihesabu, na nadhani huko ndiko kazi inakopaswa kwenda.

Tangu lini

Swali lililomaliza kisa halikuanza na "kwa nini". Karibu na OPERA, ndani ya Gran Sasso hiyohiyo, kulikuwa na mtambo mwingine, LVD, wenye saa yake. Mara chache, chembe za myuoni kutoka angani hupita karibu mlalo na kuvuka mitambo yote miwili. Kama saa zote mbili ni nzima, tofauti ya muda kati yake inapaswa kubaki ileile mwaka hadi mwaka. Data ilikuwa imeshakusanywa. Hakuna aliyewahi kuiuliza. Matukio 306 kati ya 2007 na 2012 yakachambuliwa. Kuanzia katikati ya 2008 hadi mwisho wa 2011, saa ya OPERA ilikuwa imehama kwa nanosekunde 73, na kosa la 9.

Kwa sharti la Wiśniewski, hili ni swali bora kuliko yote niliyoyataja. Kama tofauti ingekuwa haijabadilika, kisio la kiungio lingeanguka. Kama ingehama kwa muda usiolingana na vipimo vya nyutrino, lingebaki bila kazi. Ilihama kwa kiasi na kwa kipindi kinacholingana, na swali lenyewe halikutumia nyutrino hata moja, kwa hiyo lilijibika bila kugusa K.

Zaidi ya hapo, lilifanya kitu kwenye hifadhi ambacho ukarabati usingekifanya. Kipimo cha zamani kilisema njia ya ishara ni sawa. Kipimo kipya kilisema si sawa. Mwenye kukarabati angechagua kimoja na kutupa kingine. Jibu la "tangu lini" lilivibakiza vyote viwili, kila kimoja na tarehe yake: cha zamani kabla ya katikati ya 2008, kipya baada yake. Kauli S, iliyoonekana moja tangu mwanzo, ilikuwa kauli mbili, na data za nyutrino zilizoleta tatizo zilikusanywa zote chini ya ile ya pili.

Mengine yalikwenda haraka. Machi 2012, ICARUS, mtambo jirani, ukaripoti nyutrino saba kutoka mapigo mafupi ya mwaka uliotangulia, zote zikiendana na kasi ya mwanga. Mwisho wa mwezi huo msemaji wa OPERA, Antonio Ereditato, na mratibu wa fizikia, Dario Autiero, walijiuzulu nyadhifa zao. Siasa za ndani ya kundi siziingilii. Mei 2012 CERN ilirusha tena mapigo mafupi, na mitambo minne ya Gran Sasso, yaani Borexino, ICARUS, LVD na OPERA yenyewe, ikakubaliana na mwanga. Jibu la mwisho la OPERA, la Julai 2012, lilikuwa nanosekunde 6.5, na kosa la kitakwimu la 7.4.

M haikufutwa. Vipimo vya 2009 hadi 2011 bado vinaonyesha nanosekunde 60, na yeyote atakayesoma rekodi zile bila masahihisho atazikuta. Kilichoondoka ni njia ya kutoka M kwenda si-K, kwa kuwa S ya kipindi hicho haipo tena kwenye hifadhi. K imebaki bila anayeipinga, na sasa ndipo anayetaka kuiwekea alama anaweza kufanya hivyo bila kulipua chochote.